Mkwe Aliyekwama Lango la Temeke

Tukubaliane jambo moja kabla hatujafika mbali. Baba mkwe wa Sekela alikuwa na jina lake, jina zuri tu la kwao Tukuyu, na watu walilitamka kutwa kucha bila kupata madhara yoyote. Ila hadithi hii tunaitazama tukiwa nyuma ya bega la Sekela, na Sekela hakulitaja. Kwa hiyo nasi tutamwita Mzee, kwa heshima, mpaka hapo itakaposhindikana.

Usidhani Sekela alikuwa mtu wa zamani. Alikulia Kinondoni, akasoma Kinondoni, akajifunza kompyuta wakati wenzake wanajifunza kusuka rasta, na lugha ya kwao, Kinyakyusa, aliijua kwa kusikia zaidi kuliko kwa kusema. Lakini mama yake alimkalisha kitako wiki moja kabla ya harusi akamweleza mambo matatu: baba mkwe humtazami usoni, huketi naye chumba kimoja, na jina lake halipiti kinywani mwako. Hata maneno yanayofanana na jina hilo uyakwepe. Ndiyo maana Sekela, konda akimdhulumu chenji, alikuwa akisema "nipe iliyosalia," watu wakamcheka kwamba anaongea kama taarifa ya habari. Kulikuwa na neno rahisi zaidi ya hilo, na sisi pia tutalikwepa kwa muda.

Mzee naye hakuwa amerahisisha mambo. Siku ya harusi, akiwa nyuma ya ukuta na wazee wenzake, alimwambia mwanawe Gwakisa kwa sauti ambayo ukuta haukuweza kuizuia: "Huyu wako wa Kinondoni, adabu ya kwetu ataitoa wapi?" Sekela aliyasikia. Maneno yale yalimwuma vibaya, na tangu siku hiyo akawa anashika miiko ya ukwe kuliko hata mama yake aliyemfundisha. Mzee akija mjini alifikia Tandika kwa mpwa wake, na vyakula alivyopelekewa huko vilipikwa na Sekela na kubebwa na Gwakisa. Miaka mitatu ya ndoa, na wawili hao walikuwa wanajuana kwa sauti tu.

Kazini kwake Sekela kuliitwa Njiwa. Ilikuwa kampuni ndogo, ghorofani pale Mwenge, juu ya duka la vitambaa, hatua chache kutoka kwa wachonga vinyago. Ulikuwa mwaka wa tisini na nane, mvua za Elnino zimeuacha mji na mashimo ya kutosha kufugia bata, na soko huria limeshaleta kila kitu: mitumba, televisheni za watu binafsi, na sasa barua za kwenye kompyuta, zile imeili. Mtu hakuhitaji kuwa na kompyuta yake. Ulijiandikisha Njiwa, ukapewa anwani, na barua yako ikifika walikuchapia karatasini ukaja kuichukua, vile vile unavyofuata picha zako studio.

Njiwa walikuwa na mashine mbili kubwa. Ya kwanza ilikaa hapo Mwenge, nayo ndiyo iliyokuwa na orodha kamili ya wateja. Ya pili ilikaa Temeke na waliiita lango, kwa sababu barua zote za kutoka nje ya nchi zilipita kwake kwanza. Lango lilikuwa na nakala yake ya ile orodha, na lilikuwa bawabu asiyejua undugu. Barua ikija ya mtu asiyemo kwenye nakala, linaiweka kando. Muda wake wa kusubiri ukiisha, linairudisha ilikotoka. Basi kila jioni orodha ya Mwenge na nakala ya Temeke zilitakiwa zilinganishwe kupitia waya wa simu, na mwenye kazi ya kuzilinganisha alikuwa Sekela.

Kazi yenyewe ilifanywa kwa amri. Hapakuwa na vipicha vya kubofya; palikuwa na kioo cheusi, herufi nyeupe na kibodi. Amri zile alizitunga bosi wao, Revelian, na alizitunga kwa Kiswahili kwa sababu alidai Kiingereza humpandisha presha akiwa na haraka. Ukiandika *hesabu*, mashine inakwambia kila upande una wateja wangapi. Ukiandika *tofauti*, inakutajia aliyepo upande mmoja na hayupo upande wa pili. Na ukiandika *linganisha*, inakuletea wateja wapya mmoja mmoja, na kwa kila mmoja inakutaka uliandike upya jina lake lote, herufi kwa herufi, ndipo imvushe kwenda Temeke. Sharti hilo Revelian aliliweka baada ya paka wa duka la chini kulala juu ya kibodi na kuvusha wateja ambao mama zao hawajawazaa.

Sasa msomaji mwerevu ameshaanza kuona shimo liko wapi. Sekela hakuliona.

Ilikuwa Alhamisi ya kuelekea Pasaka, asubuhi, mvua imekatika kidogo. Revelian alishaondoka kwenda kula sikukuu kwao Bukoba. Hija, dada wa mapokezi, alikuwa msibani Mwananyamala na alisema asisubiriwe. Sekela alikuwa peke yake katika chumba cha mashine, mlango ameuacha wazi ili awasikie wateja, ndoo iko sakafuni inakinga maji ya dari, kanga mabegani kwa sababu ya baridi ya kiyoyozi.

"Hodi hapa!"

Ulimi wa Sekela ulishafika kwenye "ka" ya "karibu." Uliishia hapo hapo. Sauti ile aliijua; aliisikia nyuma ya ukuta siku ya harusi, na haikuwa sauti ya kusahaulika. Aliruka kutoka kitini, akaurudisha mlango mpaka ukaacha upenyo wa kidole, akajibanza nyuma yake.

Mzee alikuwa mwalimu mstaafu na kiongozi wa kwaya. Kwaya yake ilialikwa Ujerumani na kanisa rafiki, watu wazima kwa vijana, na tangu mwaka wa jana kule Tukuyu hapakuwa na habari nyingine. Pasi zilikuwa tayari, tiketi za Jumatatu ya Pasaka zilikuwa tayari. Kilichokosekana kilikuwa barua ya mwaliko yenye majina ya waimbaji wote, ambayo ubalozi uliitaka leo kabla ya saa sita mchana, maana baada ya hapo wanafunga dirisha mpaka sikukuu ipite. Wajerumani waliituma kwa imeili jana jioni, wakafunga ofisi yao, wakaenda zao likizo. Gwakisa ndiye aliyekuwa aifuate, lakini kazini kwake walimpeleka Morogoro na gari likazama kwenye matope. Ndipo Mzee akavaa koti lake la suti akaja mwenyewe.

"Hodi wenyewe!" alirudia.

Sekela alikohoa. Kilikuwa kikohozi kimoja, chembamba, kile wanachokohoa wake wa wana kule kwao wanapotaka baba mkwe ajue kuwa wapo. Mzee alikielewa papo hapo. Kiti kiliburuzwa sakafuni. Alikigeuza, akakaa, akaupa mlango mgongo.

Kwao kukitokea jambo kama hili, hutafutwa mtoto wa kupeleka maneno. Asipopatikana mtoto, mtu husema na kitu chochote kilicho karibu, jiko au mbuzi au mwiko, na mwenzake husikia. Juu ya meza ya Hija palikuwa na feni.

"Wewe feni," alisema Mzee kwa sauti ya darasani, "kama humo ndani kuna mtu, mwambie mgeni amefuata barua yake kutoka Ujerumani. Na umwambie ubalozi hausubiri mtu."

"Feni," Sekela alijibu kutoka nyuma ya mlango, "mwambie mgeni apumzike. Naiangalia sasa hivi."

Feni iligeuza kichwa kulia, ikageuza kushoto, kama mjumbe anayeipenda kazi yake.

Sekela alirudi kwenye kioo. Hapakuwa na barua. Aliangalia tena, akaangalia na kwenye zilizofika usiku, hapakuwa na barua. Akaandika *hesabu*. Mwenge iliizidi Temeke kwa mtu mmoja. Alishangaa, maana jana jioni alilinganisha, na juzi alilinganisha, na hajawahi kukosa hata jioni moja. Akaandika *tofauti*. Mstari mmoja ulitokea katikati ya kioo, na kabla hajausoma mkono wake ulishanyanyuka wenyewe na kuufunika kwa kiganja.

Alikaa hivyo hivyo, kiganja juu ya kioo, ndipo akaelewa.

Mteja yule aliandikishwa na Hija kule mapokezi, kwa maelekezo ya Gwakisa, majuma kadhaa yaliyopita. Jioni ile *linganisha* ilipomleta, Sekela aliuona mwanzo wa jina, akatupia ncha ya kanga juu ya kioo, akabonyeza kile kitufe kikubwa cha kuendelea, akasubiri, akafunua. Jina limepita, akashukuru. Kesho yake likaja tena. Akadhani mashine ina wasiwasi, akafunika tena, akabonyeza tena. Ikawa ndiyo desturi yao ya jioni, yeye na kanga yake. Kumbe kwa Revelian kitufe kile peke yake hakikuwa na maana ya kubali. Kilikuwa na maana ya mwache huyu, lete mwingine. Jioni zote hizo Sekela alikuwa anavusha watu wote wa Dar es Salaam, Wahindi wa vitambaa na mapadri na wauza vipuri, na anamwacha nje baba mkwe wake mmoja tu.

Alihisi joto limempanda mpaka masikioni. Akachukua simu akapiga Temeke.

"Lango hapa, Shomari anaongea, heri ya sikukuu."

"Kaka Shomari, sikukuu haijafika. Tazama kioo chako, kuna barua imewekwa kando?"

"Ngoja nivae macho." Alisikika akivuta kiti. "Ipo moja. Imetoka kwa Wajerumani. Mwenye nayo hafahamiki hapa. Inasema saa sita inarudi kwao."

"Usiiache irudi! Mwongeze mteja huko huko, kwa mkono."

"Kwa mkono upi, sista? Kibodi ya huku juzi ilikunywa chai yangu, ya maziwa tena. Nimeianika kwenye bati, na jua la mwaka huu unalijua. Mie hapa natazama tu kama mgonjwa anatazama pilau." Akacheka mwenyewe. "Wewe si unayo *linganisha*? Andika jina avuke. Nani huyo kwani?"

"Baba mkwe wangu."

"Anaitwa nani?"

"Baba yake Gwakisa."

"Jina, sista."

"Mzee Mwakalukwa."

"Hilo la ukoo. La kwanza?"

Sekela alizungusha waya wa simu kidoleni.

"Hujui jina la mkwe wako?"

"Nalijua. Ila halitoki."

Shomari alikuwa Mzaramo wa Temeke, na alicheka mpaka waya wa simu ukakwaruza. "Nyie watu wa Mbeya nyie! Mie mkwe wangu namwita Kipara, yeye ananiita Mwizi, na jioni tunakula sinia moja. Basi usiliseme, liandike tu. Kibodi haina masikio."

"Vidole vyangu vinayo," alisema Sekela, akakata simu kwa sababu machozi yalikuwa karibu.

Kutoka mapokezi Mzee alikuwa anapiga mdundo kwa kidole kwenye mkono wa kiti, taratibu, akifuata patasi za wachonga vinyago huko nje. Alikuwa anauimba wimbo mmoja chini chini, sauti ya nne peke yake, zile tatu nyingine akizisikia kichwani. Sekela alisikiliza. Wanaume wazima wakifurahi kimya kimya namna ile, wanasikitisha kuliko wakilia.

"Feni," alisema akiwa nyuma ya mlango, "mwambie mgeni barua yake ipo, imefika Temeke. Ila imezuiliwa getini. Inataka jina lake liandikwe kwenye mashine hii ya humu ndani, kisha itakuja."

"Feni, muulize: si liandikwe?"

"Feni, mwambie mgeni aliyemo humu haruhusiwi kuliandika."

Kule nje mdundo ulikoma. Feni ilikwenda kulia, ikarudi kushoto, ikaenda tena. Mzee alikohoa kidogo, kikohozi cha kwake sasa, cha mtu aliyeambiwa jambo asilolitarajia.

"Ahaa," alisema.

Wazo lilitoka kwa Sekela, na lilikuwa wazo la mtu aliyeishiwa, maana watu wa duka la chini na wa mtaani Revelian alishawapiga marufuku kugusa mashine tangu siku ya paka. Mzee aingie aliandike jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Yeye atajisitiri nyuma ya kabati la nyaya, amejifunika kanga gubigubi. Feni ilipeleka, feni ikaleta jibu. Mzee alikubali, na kwa adabu yake akaingia kinyumenyume, leso amejiziba nayo upande mmoja wa uso. Akaikanyaga ndoo. Maji yalimwagika, kiatu kikajaa, na Mzee akasema neno la Kinyakyusa ambalo mwalimu wa kwaya hapaswi kulijua. Nyuma ya kabati kanga ilitikisika. Sekela alikuwa amejiuma mkono asicheke.

Mzee aliketi mbele ya kioo.

"Wewe mashine ya baridi," alisema hatimaye, maana feni ilikuwa nje na ilibidi apatikane mjumbe mwingine, "mwambie mwenye chumba kwamba miwani nimeisahau Tandika."

Ungecheka kama ungekuwepo. Mwenye macho haruhusiwi kuandika, mwenye ruhusa hana macho. Na Sekela asingeweza hata kumwelekeza kwamba herufi fulani iko safu ya juu, fulani iko kushoto, kwa sababu kumwelekeza ndiko kulitaja kwenyewe, kipande kipande. Alichoweza kumwambia, kupitia kiyoyozi, ni mahali pa kitufe kikubwa cha mwisho.

Mzee alisogeza pua mpaka karibu na kibodi, akaanza kudonoa kwa kidole kimoja. Alidonoa kwa ujasiri wa mwalimu. Mashine ikalia pii: *Jina halilingani.* Akarudia, safari hii polepole, akiguna kwa kila herufi. Mashine ikalia pii mbili. Sekela hakuhitaji kuona. Pii mbili alizijua. Maana yake nafasi moja tu imesalia, na ukiikosa hiyo orodha inafungwa, haifunguki mpaka Revelian mwenyewe aje aifungue, na Revelian alikuwa Bukoba anakula senene.

"Kiyoyozi," alisema haraka, akisahau kulainisha sauti, "mwambie asiguse tena! Asiguse kabisa!"

Mzee aliondoa mkono. Alikaa kidogo akikitazama kioo asichokiona vizuri. Kisha akasimama, akatoka kwa ule ule mwendo wa kinyumenyume, kiatu kikilia maji, akarudi kwenye kiti chake mapokezi.

"Feni," alisema, "mwambie binti asijisumbue. Wala asilie, namsikia. Ukishika mwiko umeushika, huushiki nusu. Sisi tumeimba Tukuyu miaka yote hii na Mungu anatusikia huko huko. Ila sijui nitawaambiaje wale wa sauti ya pili. Walishashona sare. Kuna bibi mmoja aliuza mbuzi wake anunue viatu vya baridi."

Aliyasema ya mwisho yale kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetaka hata feni iyapeleke. Lakini feni ilikuwa imeshageuka.

Sekela alitoka nyuma ya kabati. Alikuwa na hasira, na hakujua anamkasirikia nani: mama yake aliyemfundisha vizuri mno, Revelian na paka wake, au yeye mwenyewe. Alitaka heshima yake ionekane. Basi imeonekana, na imemkalisha mzee wa watu kitini na kiatu kilicholowa. Kama angekuwa na adabu kidogo pungufu, kwaya ingekuwa ubalozini saa hizi. Alivuta kiti, akaketi, akajifuta macho kwa kanga. Halafu akaikunja kanga ile akaiweka pembeni, mbali na kioo.

Aliandika *linganisha*. Jina likaja, likakaa katikati ya weusi, nyeupe pe. Alilitazama kwa mara ya kwanza mwanzo hadi mwisho. Akaweka vidole kwenye kibodi, na kwa kuwa nafasi ilikuwa moja tu, hakufumba macho.

Ambakisye.

Haya, limetajwa. Ambakisye Mwakalukwa. Na lile neno rahisi la chenji lilikuwa kubaki, sasa hakuna sababu ya kulificha. Aliliandika lote, akalimaliza na la ukoo, akakisoma alichoandika mara mbili, ndipo akabonyeza kitufe kikubwa.

Mashine ilifikiri. Dari lilidondosha tone, na tone lingine. Kisha kioo kikaandika: *Ambakisye Mwakalukwa amevuka.*

Mara modemu ikaanza kupiga yowe lake la kuitafuta Temeke, yowe lile ambalo wateja wageni walidhani ni kuku anachinjwa, na dakika chache baadaye barua ilikuwa Mwenge. Printa ikaichapa mstari kwa mstari, ikinguruma. Ilikuwa na muhuri ulioandikwa kwa maneno tu, tarehe, na majina ya waimbaji yamepangwa kwa sauti, ya kwanza mpaka ya nne. Sekela aliikata karatasi kwenye matundu yake, akapiga magoti, akaisukuma chini ya mlango. Akabaki pale pale chini, sikio kwenye mbao.

Mzee aliinama akaiokota. Aliinyoosha mkono mzima mbali na uso ili asome bila miwani, akaanza kuyaita majina kwa sauti kama anaita mahudhurio darasani. Alipofika kwa bibi wa viatu vya baridi alilisoma jina lake mara mbili. Kisha karatasi ikakunjwa, ikaingia mfukoni mwa koti.

"Feni," alisema.

Sekela alisubiri.

"Feni, mie ni mtu wa muziki. Nimekaa hapa, nimesikia mtu anapiga vitufe humo ndani. Jina langu nalijua mapigo yake, nimelibeba tangu nazaliwa. Muulize ni nani aliyelipiga."

Humo ndani alikuwemo mtu mmoja, na Mzee alijua. Sekela alifungua mdomo kuiita feni, akaona ni upuuzi. Alijua kwamba yale maneno ya siku ya harusi sasa yana ushahidi, kwamba mwanamke wa Kinondoni ameliandika jina la baba mkwe wake mchana kweupe, mwenyewe akiwa ukuta wa pili, na habari hiyo itapanda basi ifike Tukuyu kabla ya Pasaka. Iwe basi. Kwaya itakuwa imeshapanda ndege.

"Mimi, baba," alisema. "Nimeliandika mimi."

Alikuwa hajawahi kumwambia neno moja kwa moja. Maneno yalipomtoka aliyasikia mwenyewe jinsi yalivyo mafupi.

Kisha Sekela alisikia swichi ikibonyezwa, tak, na mvumo wa feni ukapungua, ukapungua, mpaka mabawa yakasimama na mapokezi pakawa kimya kabisa.

"Sekela," Mzee aliita.

Miaka mitatu alikuwa "yule wa Gwakisa," au "wa huko kwako," au "mpishi." Jina lake katika sauti ile hakuwahi kulisikia, na alishangaa kwamba Mzee alilijua vizuri, kwamba alilitamka kwa lafudhi ya nyumbani, kama alivyokuwa akiitwa na bibi yake marehemu.

"Abee, baba."

"Miwani sina, mji wenu siujui, na dirisha la watu linafungwa. Ubalozini unapajua?"

"Napajua."

"Basi chukua mwavuli twende. Wewe tangulia, mimi sitakutazama."

Sekela alizima kioo, akachukua mwavuli, akafungua mlango. Mzee alikuwa amesimama ameelekea ukutani, mikono nyuma, mpole kama mwanafunzi aliyewekwa kona. Sekela alipita nyuma yake, akafunga ofisi kwa ufunguo, wakashuka ngazi, yeye mbele, Ambakisye Mwakalukwa nyuma, mpaka barabarani ambako mvua ilikuwa imeanza upya na teksi zimejipanga ng'ambo ya maji.

"Sekela," aliita Mzee, macho ameyainua juu kwenye mawingu ili asimwone, "hapa mbele pana dimbwi?"

"Lipo, baba," alisema, akamnyooshea mpini wa mwavuli nyuma bila kugeuka, ashike. "Pita huku."